Asali kutoka Wamaza

Mume wangu Atumani alikuwa na duka la vitenge hapa Kasongo. Alikuwa na miaka sabini na moja. Kila asubuhi, baada ya swala, alimeza kidonge chake cha ugonjwa wa sukari, kisha akanywa chai isiyo na sukari.

"Mama Malaika," alinitania, "chai hii ni maji ya kuoshea vikombe."

Majirani hawakujua ugonjwa wake. Alitaka iwe siri yetu.

Mwaka ule wa korona alianza kukohoa. Siku ya pili homa ikapanda. Nilitaka kumpeleka hospitali, akakataa.

"Umesikia wanavyosema sokoni? Mwenye sukari akiingia pale, hatoki."

"Ni maneno ya watu tu."

"Tungoje kidogo."

Tukangoja. Pélagie, jirani yetu anayeuza mihogo, alituletea chupa ya asali kutoka Wamaza. Aliiweka mlangoni, akarudi nyuma, akapaza sauti: "Mutie mu tangawizi, mama! Inafungua kifua!"

Nilitia vijiko vitatu kila kikombe. Atumani alitabasamu. "Leo chai iko chai," alisema. Vidonge vyake aliviacha. Alisema ni vya mtu anayekula, naye hakuwa akila. Sikubishana naye.

Siku ya sita hakuweza kusema maneno matatu bila kutweta. Dady, mwendesha pikipiki, alitubeba. Alikwepa kila shimo. Kila mara aliuliza, "Muzee, uko sawa?"

Hospitalini, muuguzi Dieudonnée alimbana kidoleni kifaa kidogo kinachopima hewa katika damu. Akakunja uso.

"Anaumwa tangu lini?"

"Siku sita."

"Muzee iko na ugonjwa mwingine? Sukari? Tansiyo, ile ya damu kupanda?"

Atumani alinitazama. Macho yake yalinisihi.

"Hapana," nilisema.

Walimwekea hewa ya mashine. Kesho yake walipima damu. Sukari ilikuwa juu sana. Dieudonnée hakunifokea. Alisema tu, "Mama, ungeniambia jana," akakimbilia dawa. Siku mbili baadaye, saa sita mchana, Atumani alifariki. Dieudonnée aliwavisha glavu na barakoa wanaume wawili wa msikiti wetu, akawaonyesha namna ya kumwosha kwa usalama. Sitasahau wema huo.

Kwenye kitanda cha pili alikuwa amelala Salomon, mchimba dhahabu wa Salamabila. Naye alikuwa na korona, na alikohoa kuliko mume wangu. Siku ile ile alitoka kwa miguu yake. Moyo uliniuma.

"Kwa nini yeye apone?" nilimwuliza Dieudonnée.

Alivuta kiti akakaa. "Salomon ana miaka ishirini na nane. Hana sukari, hana tansiyo. Tena alikuja siku ya pili. Hata vijana wanakufa, mama, lakini wazee wako katika hatari zaidi. Na wenye sukari, tansiyo, ugonjwa wa moyo au wa figo. Wakichelewa mpaka hewa imepungua mwilini, hatari inazidi."

"Kumbe sokoni walisema kweli?"

"Walisema nusu. Mwenye sukari ndiye anapaswa kuja wa kwanza. Akija mapema tunaweza kumsaidia. Na dawa yake haiachi. Akishindwa kula, anakuja kutuuliza."

"Na ile asali?"

Alinishika mkono. "Iliongeza sukari. Lakini hukujua, mama."

Nilijua. Kwa miaka kumi na miwili nilimpikia chai bila sukari. Nilitaka tu afurahi.

Niliporudi nyumbani nilimweleza Pélagie yote. Tulilia pamoja, kila mmoja kwenye mlango wake.

Miezi mitatu baadaye Zuberi, mdogo wake Atumani, alikuja kutoka Lusangi. Ana miaka sitini na minane, na ana tansiyo. Kesho yake akaanza kukohoa.

"Ni vumbi ya njia, shemeji."

"Vaa viatu."

"Tungoje kesho basi."

"Zuberi, vaa viatu!"

"Eh! Shemeji amekuwa polisi," alisema, lakini alivaa.

Hospitalini sikungoja kuulizwa. Niliweka vidonge vyake mezani. "Ana miaka sitini na minane. Iko na tansiyo. Anameza dawa hizi. Anakohoa tangu leo asubuhi."

Dieudonnée aliandika yote. "Asante, mama," alisema.

Walimpima wakakuta korona, wakamlaza. Siku ya nne hewa ya Zuberi ilianza kupungua. Lakini mashine ilikuwa karibu, na dawa yake ya tansiyo hakuikosa hata siku moja. Siku ya kumi na moja alirudi nyumbani.

Pélagie alikuja kumpa pole na chupa nyingine ya asali. Safari hii hakuiweka chini.

"Mama, huyu naye iko na sukari?"

"Hapana. Huyu ni tansiyo."

"Basi anaweza kuonja?"

"Anaweza, kidogo."

Nilimtilia Zuberi kijiko kimoja. Mara ya kwanza Pélagie hakuniuliza, kwa sababu tulimficha ugonjwa. Aliyeniuliza ni Dieudonnée tu, nami nikamjibu hapana.