Sharti Aliloligeuza Husni

Bi Asmaa alikuwa amekaa juu ya mbuzi ya kukunia, kizio cha nazi mkononi, na hakujua afanye nini. Mwanamke aliyekuna nazi tangu hajavunja ungo! Aligeuza kile kizio huku na huku, akalitazama lile jino la chuma, kisha akamwita mwanawe kwa sauti ya chini, ya mtu anayeogopa kusikika na majirani.

"Husni, ndoo hapa. Kitu hiki hufanywa nini?"

Husni alicheka, akidhani mamake anamtania. Akamwangalia usoni, kicheko kikamkauka. Akaikuna nazi yeye mwenyewe, vibaya, akajikata kidole, na jikoni kote kulinuka marashi ya waridi ilhali hakuna aliyefungua chupa.

Wengine wangesema ni uchovu, ni presha, ni hili jua. Husni alijua ni nini tangu ilipompata harufu ile. Aibu ilikuwa imeshamkaba.

Nikwambie basi alichokifanya, huyu mwana wa watu wa heshima.

Mwalimu Kiptoo, aliyehamishiwa Lamu kutoka Eldoret, alikuja na mchezo wa mezani: dadu zenye pande nyingi, mmoja asimulie, wengine kila mmoja awe na mhusika wake, shujaa au mwizi au mchawi, na dadu ziamue nani apigwe na nani apone. Husni na sahibu yake Famau, mchonga milango, wakanogewa. Kila Alhamisi baada ya laasiri walikaa sebuleni kwa kina Husni wakipigana na mazimwi mpaka adhana ya magharibi iwatawanye. Bi Asmaa aliwaletea kahawa na kuwauliza kama zimwi limekufa.

Lakini Husni akachoka na wahusika wa kitabuni. Akataka kubuni aina yake mwenyewe ya mchawi: mtu mwenye jini, na jini huyo ampiganie. Na jini atamtoa wapi, mvivu kama yeye? Akamchukua wa nyumbani.

Maana Bi Asmaa alikuwa na jini. Alimpanda angali mwali, akamlaza kitandani hajijui, mpaka fundi wa pepo akaletwa kutoka Siyu, akampandisha jini kitini, yaani mwilini mwa Bi Asmaa, akamuuliza jina lake na anachotaka, na wakapatana mbele ya mashahidi wa nyumbani. Kila Alhamisi Bi Asmaa afukize udi na kunyunyiza marashi, na kamba asile maisha yake. Naye jini amwachie akili yake. Wakaishi hivyo, salama. Nje ya nyumba watu hawakujua, kwa kuwa baba yake Bi Asmaa alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na nyumba kama hiyo haitaji mambo ya pepo. Husni pekee aliambiwa, kwa kunong'onezwa, akaapa kulifunga domo lake.

Ndiye huyo aliyekwenda kumweka jini mezani, tena kwa jina lake la kweli! Mimi hapa silitaji jina hilo, unisamehe.

"Huyu jini wako ni noma," Kiptoo akamwambia walipomjaribu. "Anamaliza kila mtu. Mhusika akiwa hashindiki, mchezo hauna utamu. Nguvu kama hii lazima iwe na gharama."

Husni akaweka gharama: kila jini akipiga, mwenye jini asahau jambo moja. Famau akamchezesha, na kabla mapigano hayajapamba moto mhusika wake alikuwa bwege kabisa, hajui hata upanga hushikwa wapi.

"Sasa hii nini?" Famau akalalama. "Nani atachagua takataka kama hii? Mbona wanipendelea mabaya?"

Hapo Husni akapata wazo, na ubaya ni kwamba alilifurahia. Gharama isimwangukie mpiganaji. Imwangukie mwanamke aliyeko nyumbani, yule ambaye jini alimpanda mwanzo. Jini akipiga, mwanamke ndiye asahau. Akishasahau yote, nguvu imekwisha. Mizani imekaa sawa.

"Safi," akasema Kiptoo. "Hapo nimekubali."

"Nami nimekubali," akasema Famau, akainuka, akajitanda kitambaa cha meza kichwani na kumwigiza yule mwanamke akiutafuta mlango wa nyumba yake, akibisha hodi kabatini. Wakacheka mpaka machozi. Husni akacheka kuwashinda wote. Alipogeuka, mamake alikuwa amesimama na sinia ya kahawa, na usoni mwake ilionekana wazi kwamba jina lile alikuwa amelisikia. Alitua sinia, akawamiminia, akarudi ndani. Heri angemtukana.

Baada ya ile nazi, yakafuata mengine. Akasahau majina ya majirani. Akasahau ndia ya kwenda kwa dadake, nyumba ya pili kutoka kwao, akarudishwa na muuza maji. Husni alizichoma karatasi zake zote za mchezo, akawatumia wenzake habari kwamba ana homa, hakuna kucheza. Haikusaidia kitu.

Alhamisi iliyofuata, jua likizama, alimkuta mamake kwenye msala. Alikuwa ameanza Alhamdu akakwama katikati, akarudia mwanzo, akakwama palepale, na Husni akiwa amesimama mlangoni akasikia, kutoka pembe ya chumba pasipokuwa na meza wala mtu, mlio wa dadu inayobingirika juu ya mbao, ikibingirika na kubingirika kama isiyotaka kutua, na harufu ya marashi ikazidi mpaka ikawa nzito kooni, ikachanganyika na kitu kama maji ya pwani yaliyooza, na dadu ilipotua hatimaye mamake akageuza shingo polepole, akamtazama kwa macho yasiyopepesa, na sauti iliyotoka kinywani mwake ilikuwa ya mwanamume, ya upole, ya mtu aliyeshiba.

"Mchezo wako mzuri, Husni. Usiache."

Alfajiri alipanda boti kwenda kisiwa cha Pate, akafika Siyu amelowa jasho, akarudi na Bi Afra, fundi wa pepo, mwanamke mkali ambaye njia nzima alilalamikia jua na injini. Alipofika hakunywa hata maji. Alijifungia ndani na Bi Asmaa, akafukiza udi, akamwita jini kwa adabu zake. Kisha akamwita Husni.

"Nimempandisha. Asema hakuvunja ahadi," akanong'ona. "Asema sharti liligeuzwa na mwana wa nyumba, mbele ya mashahidi, nao wakasema wamekubali. Kweli si kweli?"

"Ulikuwa mchezo, Bi Afra."

"Nimekuuliza kweli si kweli?"

"Kweli," akasema Husni, na uso wake ulimwaka hata masikio.

"Basi lirudishwe kwa mashahidi walewale, mahali palepale. Uwatajie jini ni wa nani, na huyu mwanamke ni nani kwako. Neno utakalolisema ndilo atakalolishika. Usione haya, mwanangu. Haya uliyoiona mahali pasipo pake yatosha."

Wakaitwa Kiptoo na Famau, wakakaa pale sebuleni, wakishangaa udi na pazia lililoshushwa. Nyuma ya pazia Bi Asmaa alikuwa akihema, na kila pumzi ilikuja na marashi.

"Sharti la jini nalirudisha lilivyokuwa," Husni akaanza. "Yule mwanamke asichukuliwe kitu tena. Semeni mmekubali."

"Mwanamke gani?" Famau akauliza, nusu akicheka, nusu akiogopa. "Yuko kweli? Ni nani?"

Husni akamtazama Famau. Famau huyu, ambaye jambo likiingia sikioni mwake asubuhi, laasiri liko kila baraza ya mtaa wa Mkomani. Akaona babu yake akitajwa, akaona watu wakimwigiza mamake kama alivyoigizwa hapa, vitambaa vichwani. Nyuma ya pazia Bi Afra alikohoa kwa nguvu. Neno lilikuwa moja tu, na ulimi wa Husni ukawa mzito.

"Ni bibi mmoja tu," akasema. "Tunamsaidia. Si mtu wangu."

Kiptoo na Famau wakatazamana.

"Haya, nimekubali," akasema Kiptoo.

"Nimekubali," akasema Famau.

Harufu ikakatika saa ileile. Udi ukabaki udi. Bi Afra akatoka nyuma ya pazia, akampita Husni kama anayepita jiwe, akavaa viatu vyake na kuondoka.

Kisha pazia likasogea, akatoka Bi Asmaa, macho yake yamerudi, uso umetulia.

"Famau, mkeo ajifungua lini? Hukuniambia," akasema. "Na wewe mwalimu, umekonda mno, hula? Ngojani niwakunie nazi, yeo nitawapikia wali." Akataja majirani, akataja dadake, akasoma Alhamdu kwa kunong'ona mpaka mwisho na kuitikia amin. Husni akalia kwa furaha, akamwendea mikono wazi.

Bi Asmaa akarudi nyuma. Akavuta mtandio wake, akajifunika mpaka mdomoni kama afanyavyo mbele ya mwanamume asiye wake.

"Famau," akauliza, "huyu kiyana ni wa nani?"

"Ni mama yangu!" Husni akapiga kelele. "Mwasikia? Jini ni wa mama yangu, huyu ni mama yangu!" Alisema mpaka watu wakasimama dirishani, alisema mpaka sauti ikamwisha, na sasa hakuona haya hata kidogo.

Bi Asmaa alimtazama kwa huruma, akatikisa kichwa.

"Maskini," akamwambia Famau. "Mpelekeni kwao. Mamake atakuwa akimtafuta."