Nafasi ya Mlangoni

Hema liliposimamishwa uani kwa mara ya kwanza, kila mtu alilala mahali pake, na bado nafasi ya mtu mzima ilibaki wazi mlangoni, kando ya zipu.

"Baba Kijiko," mkewe alisema, amelala chali na mikono kifuani, "hapa ulipima watu au ulipima tumbo lako?"

"Tumbo langu lina hema lake," alijibu, na watoto wakacheka mpaka nguzo zikatikisika.

Yeye alicheka meno tu, moyo haukuwemo. Alikuwa fundi wa maturubai tangu ndevu hazijamwota. Alishona vifuniko vya malori, mahema ya harusi na ya misiba, mapazia ya magodauni, na mtaani hawakumjua kwa jina jingine ila Fundi. Hakuna mteja aliyewahi kumrudishia kazi kwa kosa la upana wa kidole. Leo amekosea upana wa mtu, tena kwenye hema la wanawe mwenyewe.

Safari ilikuwa ndoto ya binti mkubwa, aliyeitwa Rubani kwa sababu kila ramani iliyoingia nyumbani ilikuwa mali yake. Ndiye aliyegundua kwamba katika nchi jirani, ng'ambo ya maji, kuna msitu wenye maporomoko ambako familia huruhusiwa kupiga kambi wakati wa likizo. Walibishana wiki nzima. Rubani alitaka ndege. Mama alitaka feri, kwa kuwa feri haipimi mizigo kwa jicho la husuda. Bibi, mama mzaa mama, hakutaka lolote. Alisema bahari haina breki na angani hakuna kituo, yeye atabaki kulinda nyumba.

"Tukinunua hema la dukani linaingia kwenye begi la mgongoni," Rubani alisema. "Tungepanda ndege kama watu."

Hapo ndipo baba yake alipoguswa penye kidonda. "Fundi wa maturubai alale ndani ya hema la dukani? Mwokaji anunue mkate kwa jirani? Tutapanda feri, na hema nitashona mimi."

Kiburi hakina miguu lakini hufika mbali. Mungu atuepushe nacho, maana wengi wetu tunakilea kama mtoto wa mwisho.

Sasa, katika kazi ile kulikuwa na desturi. Mwenye kutaka hema la kulala huja karakanani na watu wake, wakalala juu ya kitambaa, fundi akawazungushia chaki mmoja mmoja. Wakiinuka, kabla mkasi haujagusa kitu, fundi huuliza: "Kuna mwingine?" Mteja sharti ajibu: "Hakuna mwingine." Ndipo fundi husema Bismillahi na kukata. Fundi alirithishwa neno hilo na aliyemfundisha kazi, na siku zote alidhani ni la kuwazuia wale wateja wanaorudi wakilia kwamba wamemsahau mama mkwe.

Familia yake aliipima nyumbani, sebuleni, kwa utepe. Kitambaa alikwenda kukitandika karakanani peke yake, jioni, vijana wa kazi wamekwisha ondoka. Adhana ya magharibi iliita akiwa amepiga magoti na chaki mkononi. Akajiambia, nikate kwanza, nitasali nikimaliza. Na kwa mazoea ya ulimi, bila kufikiri, akauliza ile karakana tupu: "Kuna mwingine?"

Hakuna aliyejibu. Hakuna aliyesema, "Hakuna mwingine." Fundi akakata, na ile Bismillahi ikabaki kooni.

Hema waliliacha uani ili wazoee kulifungua na kulifunga kabla ya siku ya safari. Kesho yake Mama alikuta ile nafasi ya mlangoni imelowa. Mvua haikuwa imenyesha, na pengine pote palikuwa pakavu kama karatasi. Akapangusa. Jioni palikuwa pamelowa tena, na harufu ikaanza, ile ya turubai lililokunjwa likiwa bichi na kusahauliwa, ila chini yake kulikuwa na harufu nyingine, kama ya sarafu iliyoshikwa muda mrefu na mkono wa jasho.

"Paka," alisema Fundi.

"Paka gani anayekojoa umbo la mtu?" Mama aliuliza, na hakuwa anatania.

Kisha wakausikia ule mkwaruzo. Ulikuja wakati wa kula, wote wakiwa mezani, dirisha la uani likiwa wazi: kwaru, kwaru, kama ukucha unaotembea juu ya turubai kutoka ndani, unafika kwenye pindo, unatulia, unarudi. Bibi aliacha kutafuna. Kijiko, binti mdogo, aliyepewa jina hilo kwa sababu tangu anaota meno hakukubali kulala bila kijiko mkononi, ndiye peke yake aliyeendelea kula.

"Ni yule wa mlangoni," alisema. "Anauliza feri inaondoka lini."

"Nani wa mlangoni, mwanangu?" Mama aliuliza kwa sauti ya chini.

"Yule. Anasema pale pana upepo, zipu inapitisha. Anasema nafasi yangu nzuri kuliko yake, tubadilishane."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia nitamuuliza baba."

Fundi alikwenda kulibomoa hema saa ileile. Hakuna hata kigingi kimoja kilichotoka. Vigingi viliingizwa kwenye makopo ya mchanga tu, kwa kuwa ua ulikuwa wa saruji, na kila kopo hata Kijiko angeweza kulibeba. Lakini mwanamume mzima alivuta mpaka viganja vikachubuka, na kila alipovuta, ndani ya hema kitu kilivuta pia, polepole, kwa subira, kama mtu anayevuta blanketi lake usingizini.

Alfajiri iliyofuata, Mama alipokwenda kuwaamsha watoto, kitanda cha Kijiko kilikuwa kitupu. Walimkuta uani, amejikunja juu ya saruji nje ya hema, amelala, midomo imebadilika rangi, na mwili wake ulikuwa wa baridi kiasi kwamba Mama alipombeba alipiga kelele kabla hajajua kama yu hai, na mtoto akafumbua macho akasema kwa kunong'ona, kama anayetoa siri ya aibu, "Mama, nilikwenda kulala mahali pangu, nikakuta mtu."

"Choma!" Mama alimwambia mumewe. "Choma hilo dude lako leo hii! Safari siitaki, msitu siutaki, nataka mwanangu."

Lakini Bibi alisema aitwe kwanza Ustadhi Friji. Mtu huyu alitengeneza majokofu mtaa wa nyuma, na baada ya kazi aliwasomea wagonjwa. Watu walimtania kwamba anatoa majini na kujaza gesi kwa bei moja, naye hakukasirika. Alifika mchana na mfuko wake wa spana. Alilizunguka hema akinusa. Hakuingia.

"Ulikata lini?" aliuliza.

Fundi akamweleza. Alipofika kwenye adhana aliinamisha kichwa. "Niliisikia, Ustadhi. Nilisema isubiri."

"Basi na wewe ulisikiwa. Uliuliza kama kuna mwingine, ukamkatia nafasi. Huyu si mwizi, Fundi. Ni mgeni wako."

"Nilichome?"

"Ukichoma chumba cha mgeni unamleta sebuleni." Ustadhi alijifuta uso kwa leso yenye mafuta ya mashine. "Mimi nitasoma, lakini mlango uliufungua wewe kwa ulimi wako, utaufunga kwa huohuo. Ingieni wote mliopimwa, mlale mahali penu. Uliza lile swali lako. Kila mmoja ajibu kwamba hakuna. Ila nisikilizeni vizuri: jibu likishatoka, aliye ndani ni wa ndani na aliye nje ni wa nje. Asikosekane mtu."

Ilikuwa alasiri, jua bado liko juu ya paa. Waliingia: Fundi, Mama, Rubani. Kijiko alikuwa anatetemeka, akasema anataka kujisaidia, na Bibi akampeleka. "Rudi upesi," baba yake alimwambia. Walilala wakamsubiri. Ndani, joto la turubai lilikuwa la kawaida isipokuwa pale mlangoni, ambapo baridi ilikaa chini kama maji ndani ya beseni. Nje, Ustadhi alianza kusoma. Wakasikia maji ya bomba, wakasikia sauti ya Bibi ikisema osha na miguu, halafu zipu ikafunguka kidogo, mwili mdogo ukatambaa juu ya miguu yao mpaka kwenye nafasi yake, katikati ya Mama na ukuta.

"Umefika?" Fundi aliuliza.

"Nimefika, baba."

Alinyoosha mkono akagusa unyayo wake. Ulikuwa wa baridi, umelowa. Maji ya bomba, alijiambia. Akafunga zipu.

"Kuna mwingine?"

"Hakuna mwingine," alisema Mama.

"Hakuna mwingine," Rubani alisema, meno yakigongana.

"Hakuna mwingine," ilisema ile sauti ndogo.

Na Fundi mwenyewe akamalizia, kwa nguvu zote za kifua chake. Hema likavuta pumzi. Kuta zote ziliingia ndani zikawagusa nyuso, kisha zikatoka nje kwa kishindo kama tanga linalopata upepo, na mara ile harufu ikawa haipo, na baridi ya mlangoni haipo, na jua likapenya kitambaa likawa la njano, zuri. Rubani akaanza kucheka huku analia. Mama akasema alhamdulillahi mara nyingi asijue anasema.

Nje, Ustadhi alikuwa amekatiza kisomo.

Kisha wakamsikia Bibi. Hakupiga yowe. Aliita kwa sauti ya mtu aliyeangusha kitu cha wenyewe na bado anakitafuta chini. "Nilikuwa nimemshika mkono. Jamani, tulikuwa tunakuja, hapa, nimemshika mkono, mkono ukawa maji."

Ndani ya hema hakuna aliyesogea. Fundi aligeuza shingo taratibu. Kijiko alikuwa ameketi mahali pake, anawatazama, nywele zilezile, gauni lilelile, alama ileile juu ya nyusi. Alikuwa anatabasamu kwa adabu, kama mgeni aliyekwisha karibishwa. Mikono yake yote miwili ilikuwa mitupu.

"Kijiko chako kiko wapi?" Mama alinong'ona.

Kile kitu kiliangalia mikono yake kana kwamba hakikuelewa swali.

Ndipo Rubani akaonyesha ukutani. Turubai lilikuwa linasukumwa kutoka nje, chini, karibu na pindo: kiganja kidogo, vidole vyote vinaonekana, na kando yake kitu chembamba chenye kichwa cha duara, kinachogonga, kinagonga, bila mlio wowote. Fundi alipasua zipu akatoa kichwa. Uani kulikuwa na Bibi aliyekaa chini na Ustadhi aliyesimama, na upande ule wa hema hapakuwa na mtu. Akarudisha kichwa ndani, na kiganja kilikuwa palepale, ila sasa kinasukuma kwa unyonge zaidi.

Akachukua mkasi kwenye mfuko wake wa kazi.

"Fundi!" Ustadhi alisema kutoka nje. "Ukikata umefungua tena. Si kwa huyo mtoto peke yake. Sina kisomo cha kufunga mara mbili, nakwambia kweli."

"Mke wangu," Fundi alisema.

"Kata," alisema Mama.

Alipiga magoti mbele ya kile kiganja. Aliushika mkasi kwa mikono miwili, kama siku ya kwanza alipofundishwa kuushika. Akauliza kama kazi inavyotaka, na safari hii, kwa mara ya kwanza maishani mwake, aliuliza kwa kutaka kujua, kisha akangoja.

"Kuna mwingine?"

Kutoka ng'ambo ya turubai, mbali kuliko upana wa ua wote, mbali kama mtu aliye ukingo wa pili wa maji, sauti ikasema, "Mimi, baba."

Na nyuma ya mgongo wake, kwa sauti ileile, karibu kabisa na sikio, "Hakuna."

Fundi akasema Bismillahi. Akakata.

Mkono ulioingia kwenye tundu ulikuwa wa moto, umeshika kijiko. Aliuvuta, akavuta bega, akavuta kichwa, mpaka mtoto mzima akaanguka mapajani mwake akilia kwa kwikwi, ananuka sabuni na jasho na uhai, na Mama akamrukia, na Rubani akawakumbatia wote, wakawa fundo moja lisilo na mwanzo wala mwisho. Walilia hivyo kwa muda. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutazama kule kwingine.

Fundi ndiye aliyetazama. Kile chenye sura ya mwanawe kilikuwa kimekwisha ondoka katika nafasi ya Kijiko, bila ugomvi, kama mtu anayempisha mwenye kiti. Kilikuwa kimelala mlangoni, kando ya zipu, mahali palipokatwa kwa ajili yake, kimejinyoosha mpaka urefu wa mtu mzima, kimejivutia pembe ya blanketi mpaka kidevuni. Kilitosha pale barabara, bila kupungua wala kuzidi upana wa kidole.

"Sasa tumetimia," kilisema. "Feri inaondoka lini?"