Lango la Mikayi

Jumanne, tarehe nane Aprili 2025, saa tisa alasiri, mvua ya mawe ilikuwa imetoka kuupiga mji wa Rongo na jua limerudi kali, Awino alipoliondoa lango la marehemu Beverly kwenye mstari wa kwanza, akaweka lake.

Lilikuwa jambo dogo. Yeye na mumewe, Bonface, walifanyia kazi nyumbani, wakiendeleza kiunzi, yaani mifupa ya programu ambayo wengine hujengea tovuti zao. Kila ombi la mtumiaji lilipita malango kadhaa kwa mpangilio kabla ya kuifikia hifadhidata na kurudi na jibu. Lango la kwanza lilikuwa kazi ya Beverly, mke wa kwanza wa Bonface, aliyefariki miaka miwili nyuma. La Awino lilipima muda ambao ombi hukaa katika kila lango, na lingefanya kazi popote. Lakini Bonface alitabasamu kila aliposoma jina la Beverly kwenye mstari huo, na tabasamu hilo Awino hakuwahi kupewa.

"Si ungeliacha tu hapo?" Bonface aliuliza.

"Marehemu ana haja gani na mstari wa kwanza?"

Chumba kikanuka omena, dagaa wa ziwani, iliyokaangwa kwa ndimu, ingawa jikoni moto haukuwa umewashwa.

"Bonface, nikuletee chai?"

Hakugeuka. Awino aliuliza tena, kwa sauti kubwa zaidi.

"Nishakunywa," akajibu. "Si umenipa sasa hivi?"

Kando ya mkono wake palikuwa na kikombe, nacho kilitoa mvuke.

Tangu hapo kila alichomwomba mumewe kilichelewa: angesema, anyamaziwe, kisha kiti cha zamani cha Beverly kilie kwenye kona kama kinachokaliwa, na ndipo Bonface angejibu, kwa upole, akikitazama kile kiti, maneno ambayo hayakuwa jibu la alichoulizwa na Awino bali la kitu alichoulizwa na mwingine, ambaye Awino hakumsikia, ingawa alianza kuihisi pumzi yake, baridi na yenye unyevu, nyuma ya sikio lake la kushoto.

Alitoka uani akampigia simu mama mkwe, Jerusha, aliyekuwa Ndhiwa.

"Umegusa nini chake?" Jerusha aliuliza.

"Mstari tu, Mama. Wa kompyuta."

"Ulikuwa wa ngapi?"

"Wa kwanza."

"Na shambani tunapanda vipi? Si mikayi, mke wa kwanza, ndiye anayetia mbegu mbele ya wote? Umepanda kabla ya nyieka wako, nyathina, mwanangu."

"Mke mwenza gani, Mama?" Awino alinong'ona. "Si alikufa?"

"Basi ingia ndani umwambie hivyo."

Awino aliingia ndani, lakini hakumwambia. Aliketi kwenye kompyuta, akalirudisha lango la Beverly mstari wa kwanza na kuliweka lake la pili. Harufu ya omena ikafifia. Kiti kikanyamaza. Akashusha pumzi, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe akasema, polepole, "Nisamehe, dada."

Kisha akatuma ombi moja la majaribio, na lilipokuwa bado safarini akageuka.

"Bonface, njoo uone. Limekubali."

"Nakuja, mpenzi," Bonface akasema.

Alisimama, akiwa na lile tabasamu. Awino alimnyooshea mkono. Bonface alimpita karibu kiasi kwamba shati lake liligusa vidole vya Awino, akaenda hadi kwenye kona, akapiga magoti mbele ya kiti kitupu na kukilaza kichwa chake juu ya mapaja ambayo hayakuwapo, huku nywele zake zikianza kulala upande mmoja, taratibu, kama zinazopapaswa.

Kompyuta ikalia. Jibu lilikuwa limerudi, na lango la Awino lilikuwa limepima kwa usahihi kama alivyoliandika.

Kwa Beverly: sekunde tisa.

Kwa Awino: sifuri.