Uzi wa Sentimita Kumi na Sita

Jirani yangu ni fundi seremala, na futi yake ya chuma anaiamini kuliko anavyoniamini mimi. Siku ile binti yake alikuwa anakuja likizo kwa ndege baada ya miaka minne ya masomo ng'ambo. Nikasikia kilio kwao. Niliacha kufua, nikakimbia na mapovu mikononi.

Mkewe alikuwa amekaa chini, simu mapajani.

"Shoga yangu, ndege imeanguka!"

"Nani kasema?"

"Baba yake kapima!"

Fundi alisimama mbele ya ramani ya ukutani, futi mkononi, jasho linamtoka.

"Kutoka uwanja ule hadi wetu ni kilomita elfu saba na mia mbili," alisema. "Ndege inakwenda kilomita mia tisa kwa saa. Ni masaa manane tu. Ameondoka saa mbili asubuhi, angefika saa kumi. Sasa ni saa kumi na moja, na simu yake haipatikani!"

Hata mimi moyo ulinipiga paa. Lakini nilifanya kazi ya kupima upepo uwanja wa ndege miaka ishirini na mbili, na safari za ndege nazijua. Nikaleta tufe la dunia la wanangu.

"Shemeji, dunia ni mviringo kama chungwa. Ramani imeitandaza bapa ukutani, kwa hiyo sehemu nyingine zimevutika. Leteni uzi."

Tulizungusha uzi katikati ya tufe. Ulikuwa sentimita mia moja.

"Dunia yenyewe, ukiizunguka hapo katikati, ni kama kilomita elfu arobaini. Basi sentimita moja ni kilomita mia nne."

Kisha tukauvuta uzi kati ya viwanja viwili. Sentimita kumi na sita.

"Kilomita elfu sita na mia nne," fundi alisema.

Mkewe akapiga yowe. "Kumbe ni karibu zaidi! Na bado hajafika!"

"Ngoja, jamani! Ndege haiendi mbio muda wote. Inapanda, inashuka, na upepo ukiipiga usoni inachelewa. Kadiria mia nane kwa saa. Ni masaa manane. Haya, saa mbili asubuhi ya wapi?"

"Kwani saa mbili si saa mbili tu?" fundi akauliza.

"Tiketi huandika saa za mji wenyewe," nikasema. "Jua linatuchomozea sisi kwanza. Kule ikiwa saa mbili, hapa ni saa nne."

Mkewe alihesabu kwa vidole. "Saa kumi na mbili jioni! Yuko angani!"

"Ndiyo, ndiyo maana simu haipatikani."

Fundi alianguka kwenye kigoda, akacheka huku analia. "Nimemzika mwanangu kwa futi! Hata tiketi inasema atafika saa kumi na mbili na robo. Nilidhani wamekosea!"

Mkewe akamrushia mto.

Tuliwahi uwanjani. Binti alitoka akisukuma mabegi, na baba yake akamkumbatia hadi watu wakaanza kututazama.

"Baba, kuna nini? Mimi nimelala njia nzima!"

Mwezi uliofuata alirudi masomoni. Safari hii mama alivuta uzi mwenyewe, akauliza saa ya kule, akaandika saa ya kufika pembeni mwa ramani. Futi ilibaki karakanani. Saa ile ilipopita kidogo, simu ikalia.

"Mama, nimefika salama."

"Najua, mwanangu," alijibu, akajifuta machozi.