Paka Aliyesomeka Mbwa

Kila siku akitoka shule, Mpangaji alipitia kwa shangazi yake, akala, akaosha sahani, kisha akaketi kwenye kiti cha pili mbele ya kompyuta. Nyumbani walimwita Mpangaji ingawa hakuwahi kulipa kodi ya chumba hata siku moja. Binti huyu wa miaka kumi na miwili alipanga kila kitu: viatu kwa ukubwa, vitabu kwa rangi, hata vitunguu jikoni.

Shangazi alikuwa mtunzi wa programu za kompyuta. Alikuwa amemtengenezea daktari wa wanyama, jirani yake wa ukuta mmoja, programu ya kutunza kumbukumbu za wagonjwa. Mpangaji aliisoma mara nyingi, na kila mara alichanganyikiwa mahali pale pale. Shangazi alikuwa ameandika: Mnyama ni Mbwa, au Mbuzi, au Paka, au Kuku, au Sungura. Chini yake kulikuwa na mstari mmoja mfupi, basi.

"Shangazi, sehemu ya kuhifadhi kwenye faili iko wapi?"

"Sijaiandika."

"Sasa nani kaiandika?"

"Lugha yenyewe. Mimi naieleza umbo la kitu. Huo mstari mfupi unaiambia: litazame umbo hili, ujitungie mwenyewe namna ya kulihifadhi na kulisoma. Awe mnyama, iwe dawa, iwe tarehe, ni hivyo hivyo. Umeelewa?"

Mpangaji akaitikia kwa kichwa. Hakuwa ameelewa kitu, lakini aliona haya kuuliza tena.

Jumatano Shangazi alimpa kazi ya kusahihisha tahajia katika programu, naye akaenda kuanua nguo. Mpangaji alipofika kwenye orodha ya wanyama, vidole vilimwasha. Orodha gani hii isiyofuata alfabeti? Akaipanga: Kuku, Mbuzi, Mbwa, Paka, Sungura. Kompyuta haikulalamika hata neno moja. Jioni hiyo programu ikapelekwa kwa daktari.

Kesho yake mchana daktari aliingia na karatasi mkononi.

"Dada, programu yako imelewa? Nina paka anayetaga mayai, na kuku aliyemng'ata msoma mita!"

Shangazi alicheka, kisha akatazama karatasi na kuacha kucheka. "Mbuzi wako sawa. Sungura wako sawa. Mbona hawa wengine wamevurugika? Labda ni kompyuta yako."

"Yangu? Juzi ilikuwa nzima!"

Wakaanza kubishana. Mpangaji aliikodolea macho ile karatasi. Kupanga majina kunawezaje kumgeuza kuku awe paka? Hakufuta hata herufi moja. Pengine si yeye. Akisema, atajitia aibu bure.

Ghafla daktari akajishika kichwa. "Lo! Dawa za kupe! Asubuhi nimefungasha kwa kufuata orodha hii. Chupa sita za mbwa zimeshachukuliwa. Dawa ile paka akipakwa, anaweza kufa. Na sijui yupi ni yupi!"

"Shangazi," Mpangaji alisema. "Sijui kama ni mimi. Jana nilipanga majina kwa alfabeti. Nilipanga tu."

Shangazi hakugomba. Alichukua kalamu, akaandika orodha ya zamani, na pembeni yake ile mpya. "Faili halihifadhi neno 'paka'. Linahifadhi namba ya nafasi yake. Paka alikuwa wa tatu. Sasa wa tatu ni nani?"

"Mbwa," alijibu Mpangaji.

"Basi kila aliyesomeka mbwa ni paka. Wote sita!"

Daktari alianza kupiga simu. Watano walipokea. Wa sita, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, hakupokea, maana cherehani yake ilikuwa na kelele za kutosha. Mpangaji alitoka mbio. Alimkuta fundi ameshamlaza paka juu ya vitambaa, na kifuniko cha chupa kiko mezani.

"Mama, usimpake! Hiyo ni ya mbwa!"

"Kwani huyu ni mbwa?"

"Kwenye kompyuta, ndiyo," Mpangaji alisema akihema, na fundi akakichukua kifuniko, akaifunga chupa.

Jioni Shangazi alirudisha orodha kama ilivyokuwa. Kisha akaandika kwa mkono wake alama ya kudumu ya kila mnyama, ili nafasi isiamue tena. Mpangaji alisubiri kukaripiwa.

"Kosa ni letu wawili," Shangazi alisema. "Mimi nilieleza vibaya, wewe ukaitikia usichokielewa. Kuuliza si ujinga, hata mara ya kumi. Lakini sikiliza. Mambo yakiharibika, taja ulichogusa, usingoje mpaka ujue kama ni kosa. Mimi na daktari tulikuwa tunatupiana lawama, na dawa iko mikononi mwa watu. Paka sita wako hai kwa sababu ulithubutu kusema 'sijui kama ni mimi.'"