Mistari Tisini na Mitano

Siku hiyo treni ya kutoka Tabora ilichelewa saa saba tu, na watu waliojazana kituoni Mpanda wakaona wamependelewa. Magunia ya karanga yalipangwa hadi mlangoni kwa mkuu wa kituo, kuku walifungwa miguu, mama lishe waligombania kivuli. Katikati ya hayo yote, juu ya gunia lililotandazwa, Gaudensi aliuza vitabu huku amefumba macho. Hakuwa amelala. Alikuwa anapumzisha macho, kazi aliyoifanya kwa bidii tangu asubuhi.

Alikuwa na miaka ishirini na saba na uchovu wa mtu wa sitini. Bruda mmoja wa misheni ndiye aliyemfundisha kushona vitabu. Pale Makanyagio, nyumbani kwa dada yake Theopista, alikuwa na kisu, sindano, uzi wa kufungia tumbaku na sufuria ya gundi ya unga wa muhogo. Vitabu vilivyokufa vilifufuka mikononi mwake. Wanunuzi ndio waliogoma kufufuka.

"Kaka, mbuzi anakula kitabu chako."

Akafumbua jicho moja. Kwanza aliona mabuti ya mvua yenye tope la mashamba ya mpunga. Juu ya mabuti kulikuwa na gauni la buluu lenye kola nyeupe, safi kama la mtu anayekwenda kubatiza mtoto. Juu ya kola kulikuwa na uso. Akafumbua na jicho la pili.

"Mfukuze basi, dada."

"Nimfukuze mimi? Kitabu cha nani?"

"Ni cha hesabu. Mwache, labda atafaulu."

Msichana akacheka, akamfukuza mbuzi, kisha akakaa kwenye ukingo wa gunia kama mtu aliyetua mzigo. Aliitwa Minza. Alikuwa bibi shamba wa ofisi ya kilimo, mzaliwa wa Mwamkulu, kwa baba aliyehamia huko na ng'ombe wake kutoka Shinyanga. Kwa miaka minne alikuwa amewafundisha wakulima kupanda mpunga kwa mistari, na kwa miaka minne wakulima walikuwa wamemsikiliza kwa heshima zote, wakamshukuru, halafu wakamwaga mbegu vilevile walivyozoea.

"Una kitabu cha kujifunza Kijapani?" akauliza.

Gaudensi alimtazama kuona kama jua limempiga. "Ninacho cha kufuga nyuki."

"Sitanii, kaka." Akatoa barua kwenye mkoba. Mafunzo ya mpunga, Japani, mwaka mmoja, nafasi moja. Usaili Dar es Salaam baada ya wiki sita. Kila mwombaji atasoma kwa sauti ukurasa mmoja wa hadithi ya watoto, kwa herufi nyepesi za Kijapani. "Nikirudi na cheti cha huko, hakuna mzee atakayeniambia tena kwamba mpunga haujui mistari. Nisipopata, nitazeekea kwenye haya mabuti."

Gaudensi hakuwa na kitabu cha Kijapani. Alikuwa na busara ya kutosha kutosema hivyo.

"Njoo Jumamosi ijayo," akasema.

Jumatatu alikwenda posta akampigia simu Makoye, muuza vitabu mwenzake wa Tabora. Alhamisi treni ikaleta kifurushi, na Jumamosi Minza akakaa barazani kwa Theopista, mbele yake vitabu vitatu na karatasi moja kubwa ya ukutani.

"Hiki cha kwanza ni cha watalii," Gaudensi akaeleza kwa sauti ya kuhubiri. "Kimeandikwa kwa herufi zetu. Utajifunza kuomba ufunguo wa chumba na kulalamikia supu."

"Usaili ni wa kusoma herufi zao. Nikizoea hiki, nitafika pale nilalamikie supu. Weka pembeni."

"Cha pili ni kamusi."

Minza akaifungua. Mchwa walikuwa wameanza mwanzoni, wakala kwa utaratibu, wakachoka katikati. "Hii nibakize, nusu ni bora kuliko hakuna. Na hicho?"

Cha tatu kilikuwa chembamba, chenye picha ya mzee na mbwa. Hadithi ya watoto, kurasa tisini na tano, herufi nyepesi tupu. Mgongo wake ulikuwa umelegea na gundi imekauka kama jiwe. Minza alikikumbatia mpaka Theopista akakohoa.

"Hiki ndicho. Na karatasi ya herufi. Nitaanza na karatasi. Nikizimaliza zote arobaini na sita, nije kwenye hadithi."

"Niachie basi nikishone," Gaudensi akasema. "Kitakuvunjikia."

"Usikiharibu, fundi."

"Mimi?" Akaweka mkono kifuani. "Misheni yote ya Karema inasali kwa vitabu nilivyoshona mimi."

Ukaja mwezi wa kuchoka kutamu. Minza alitoka mashambani Kasokola jioni kwa baiskeli, tope hadi magotini, akakaa barazani kukariri.

"A, i, u, e, o."

"Hizo ni zetu," Gaudensi akasema. "Wamezichukua wakavuruga foleni."

"Nyamaza, mwizi wa muda wangu."

"Nimekuibia nini kingine?"

"Usingizi. Na huo urudishe, ninauhitaji."

Theopista alipita na ndoo, akasema na ukuta: "Kuna watu wanajifunza Kijapani na kuna watu wanajifunza wenyewe kwa wenyewe."

Jioni moja Gaudensi alishika kile kitabu, akakipima mkononi. "Unajua nikikificha hiki huendi popote?"

"Jaribu," Minza akacheka. Lakini alicheka polepole, na Gaudensi, aliyekuwa hodari wa kusoma kila kitu isipokuwa uso, hakuona.

Wiki ya tano Minza alimaliza herufi zote. Usiku huohuo Gaudensi aliona aibu kwamba kitabu bado hakijashonwa, akaketi alfajiri na kisu chake. Akakifungua. Ukurasa wa kwanza ulikuwa mwisho. Wa tisini na tano ulikuwa mwanzo.

Akawahurumia Wajapani. Watu wanaotengeneza redio na magari, kumbe nao mfungaji wao hulewa kazini! Bruda alimfundisha kwamba kitabu kisichoanza mwanzo ni dhambi ya mfungaji, na Gaudensi hakuwa mtu wa kuiacha dhambi ya mwenzake ikisafiri. Gundi ilikataa kulegea, kwa hiyo akakata mgongo wote, upana wa kidole. Kulikuwa na mstari wa maandishi ukishuka kandokando ya mshono. Akaamua ni jina la kiwanda, kama lile la kwenye pindo la kitenge. Akapanga kurasa upya, akageuza mgongo upande wa kushoto kama vitabu vya watu waliostaarabika, akashona kwa uzi wa tumbaku. Vile vipande alivyokata aliwashia moto wa kuchemshia gundi.

Jioni Minza alikuja na gauni lilelile la buluu. Gaudensi akamkabidhi kitabu kwa mikono miwili.

"Kilikuwa kimefungwa kinyumenyume. Nimekirekebisha."

Minza akafungua. Akafungua tena. Midomo yake ilitembea bila sauti.

"Fundi, wao huandika kutoka juu kwenda chini, kuanzia kulia. Kitabu chao hufunguliwa upande ambao sisi tunafungia. Imeandikwa kwenye karatasi ya herufi, hapo juu ya kichwa chako." Akageuza kurasa, mbio zaidi kila mara. "Huu hauna mwanzo. Huu hauna mwisho. Huu hauna mwanzo. Vipande viko wapi?"

Gaudensi akatazama jiko. Minza naye akatazama jiko.

"Ulisema utakificha," akasema taratibu. "Hukukificha. Umekinyoa."

"Minza, naapa..."

"Zimebaki siku kumi. Ungeniambia tu nisiende. Hilo lingekuwa la kiume." Akaacha kitabu juu ya meza, akapanda baiskeli. Hakulia. Alikuwa amechoka mno kulia, na hilo ndilo lililomtisha Gaudensi.

Asubuhi alipiga simu ofisi ya kilimo akiwa posta.

"Halo, kilimo."

"Naomba kuongea na Minza."

"Minza hayupo. Amekwenda Kasokola kukagua panya."

"Minza, hiyo ni sauti yako."

"Hapana. Mimi ni mtu mwingine."

"Basi mtu mwingine, mwambie Minza kwamba sikujua. Nilidhani ni kosa la kiwanda."

"Mtu mwingine hapokei ujumbe wa wanyoaji."

"Anaendeleaje?"

Simu ikakwaruza. "Amechoka," ikasema ile sauti, na safari hii haikutania. "Amechoka kurudishwa nyuma na watu wanaosema wanampenda. Anaondoka Ijumaa ijayo. Hata bila kitabu ataondoka." Simu ikakatwa.

Gaudensi hakuitua. Akampigia Makoye, akaomba nakala nyingine ya kitabu kile.

"Vilikuwa viwili," Makoye akasema. "Kingine kiko kwa mzee Nashon, yule dereva aliyewaendesha Wajapani wa visima. Walimwachia ukumbusho. Hauzi, haazimishi, wala hakitoki barazani kwake."

"Baraza lake lina kivuli?"

"Kidogo."

"Kinatosha."

Alimwagiza dada yake amletee kitabu na gundi kituoni Ijumaa, akapanda treni Jumapili, akasafiri usiku kucha kwa kusimama, kichwa chake kikiegemea gunia la mtu aliyekataa kuegemewa. Mzee Nashon aliisikiliza hadithi nzima, akamwita mkewe aje aisikilize, akamwomba airudie ile sehemu ya moto.

"Hata mimi niliwauliza mbona wanafungua kwa nyuma," akasema akifuta machozi. "Wakaniuliza mbona mimi nafungua kwa nyuma. Kaa hapo, kijana. Mke wangu ana kitabu cha nyimbo kimepasuka. Ukimaliza chako, ushone chake."

Siku tatu Gaudensi alikaa pale. Alikata vipande arobaini na vinane vya karatasi, upana wa kidole. Kila kipande upande mmoja aliandika mstari wa kwanza wa ukurasa, upande wa pili mstari wa mwisho wa ukurasa unaofuata. Hakujua maana ya hata mmoja. Alichora kama mtu anayechora nyayo za ndege. Mgongo ulikufa, kidole kikavimba, macho yakaona herufi hata kwenye uji. Kipande cha mwisho kilikuwa na upande mmoja tu, kwa sababu ukurasa wa tisini na tano ulikuwa na mstari mmoja basi: mwisho wa hadithi. Usiku wa mwisho alishona kitabu cha nyimbo, na Alhamisi akapanda treni kurudi.

Ijumaa, treni ile iliyomleta ndiyo iliyokuwa igeuze na kumchukua Minza. Kwa rehema za shirika la reli ilikuwa imechelewa, na ingechelewa zaidi kuondoka. Minza alikaa juu ya sanduku la bati, gauni la buluu, mabuti hakuvaa. Viatu vyeusi vipya vilimbana. Alimwona Gaudensi akishuka na nguo zilizokunjamana, kama kitu kilichotafunwa na yule mbuzi.

"Umekonda," akasema kabla hajakumbuka kwamba amekasirika.

"Nimenyolewa." Akapiga magoti hapohapo kwenye changarawe, akamwaga vile vipande juu ya khanga aliyojifunika Minza magotini. "Mistari tisini na mitano. Nimeinakili siku tatu kwa mzee mmoja Tabora, kwenye kivuli kidogo. Dada Theopista!"

Theopista alikuwa njiani tayari, na kitabu kwapani, na sufuria ya gundi kichwani.

Minza akachukua kipande, akakisoma. Akachukua kingine. Midomo ikatembea, safari hii na sauti. Kisha akakunja uso.

"Hii nukta ni nini? Nukta hubadilisha sauti."

"Ipo kwa mzee Nashon."

"Nukta zao huwa mbilimbili. Umeichora moja tu, tena nje ya mstari." Akakisogeza machoni. "Gaudensi, hiki ni kinyesi cha inzi."

"Sikutaka kukosea tena," Gaudensi akasema.

Hapo ndipo Minza alipoinamisha kichwa juu ya khanga. Mabega yalitikisika, na kwa muda Theopista hakujua kama ampe leso au acheke pamoja naye. Vilifaa vyote viwili.

"Kweli hukutaka nibaki?"

"Nilitaka. Nataka hata sasa. Lakini ningetaka kukuzuia ningekuomba, nisingekata kitabu. Kitabu hakijanikosea."

"Basi shona, fundi. Njiani ni siku mbili, nitasoma. Na usaili ni Jumatatu."

Walifanya kazi bila kusema mengi. Gaudensi alifumua, Minza akapanga, Theopista akapaka gundi na kufukuza mbuzi. Abiria walisogea kutazama, wakatoa ushauri ambao hakuna aliyeuomba. Safari hii mgongo ulikaa kulia. Saa tisa treni ikapiga honi, na sindano ilikuwa imefika kipande cha arobaini na saba.

"Bado kimoja," Gaudensi akasema, akihema. "Nimeandika yote bila kujua yanasemaje. Huu wa mwisho unasemaje?"

Minza akakishika kile kipande kwa ncha za vidole. Alianza kukisoma, akasita, akakigeuza upande usio na kitu.

"Sijafika huku." Akakitia kwenye mfuko wa shati la Gaudensi, akafunga kifungo. "Huu ubaki kwako. Wewe huwezi kuusoma, na mimi sinao. Nikirudi tutaubandika."

"Ukirudi lini? Jumatano, au mwaka kesho?"

"Nikifaulu naunganisha hukohuko, nirudi mwaka kesho. Nikishindwa, Jumatano. Vyovyote, ukaonane na baba kule Mwamkulu kabla sijarudi."

"Atauliza ng'ombe."

"Mwambie unao uzi, na siku tatu ulikaa kwenye kivuli kidogo. Ng'ombe mtaongea taratibu." Akapanda. Kutoka dirishani akapaza sauti juu ya kelele za watu: "Na usikipeleke kwa mtu akusomee!"

"Nani hapa Mpanda atanisomea?"

"Ndiyo maana nimeupenda mji huu!"

Treni ikaondoka kama kawaida yake, kwa kusitasita. Jumatano ikafika, na treni ikashusha magunia, kuku na watu, ila si gauni la buluu. Gaudensi alisubiri mpaka abiria wa mwisho ametoka. Kisha akatandaza gunia lake palepale, akapapasa mfuko wa shati kuhakikisha kifungo, akafumba macho.

Safari hii alilala kweli.