Mpilipili Manga wa Mama Yake Hidaya

Kila asubuhi, kabla ukungu haujapanda kutoka bondeni, Mwanvita alifagia uwanja, akateka maji kijitoni, kisha akaketi jikoni kungoja uji. Kikombe cha kwanza Bibi Mwaisha alimpa yeye. Ndivyo ilivyokuwa siku zote nyumbani kwao Kinole, mpaka alipokuja Hidaya.

Hidaya alikuwa rika lake, binti wa mama yake mdogo aliyefariki Kingolwira. Kwa Waluguru, mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mtu mmoja msibani alishauri Hidaya apelekwe kituo cha kulelea watoto. Mjomba Mansuri alimkata kauli: "Kwani sisi tumekufa wote?" Akambebea mtoto begi, wakapanda naye milimani.

Tangu hapo kikombe cha kwanza kikawa cha Hidaya. Finyango nono, la Hidaya. Hata kitandani kwa Bibi akalala Hidaya, Mwanvita akahamia mkekani.

"Pole, mstaafu," rafiki yake Pendo alimtania njiani kwenda shule. "Naona umeshapata mrithi."

"Nyamaza wewe!" Mwanvita alijibu, lakini neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Katika nyumba ile kila binti alipandiwa mpilipili manga wake. Wa marehemu ulitambaa juu ya mfenesi nyuma ya jiko, na kwa kuwa mwenyewe aliolewa mbali, Mwanvita ndiye aliyeuchuma na kuzianika pilipili zake. Ijumaa moja Bibi alimwambia Hidaya, "Mjukuu wangu, ule ni wa mama yako. Sasa ni wako." Hidaya akaenda kuukumbatia mfenesi. Mwanvita akamtazama kwa kijicho. Huyu, hata kuchuma hajui!

Jumamosi Hidaya alipalilia pale chini, ameshika jembe kama aliyeshika nyoka. Alipokwenda kuoga, Mwanvita alichukua panga, akalikata shina la mpilipili karibu na udongo, akalifunika kwa magugu.

Kesho yake majani yalikuwa yamelegea. Bibi akamwita Mjomba. Walipofunua magugu na kuona lile shina, Hidaya alipiga magoti.

"Ni mimi, Bibi. Jana nilipalilia hapa. Sikuona." Akaangua kilio. "Nimemkata mama! Msinipeleke kituoni, nitajifunza."

Mwanvita alisimama mlangoni mwa jiko, anangoja Mjomba afoke. Mjomba Mansuri hakuwa mtu wa maneno laini. Lakini leo aliinama, akamwinua Hidaya.

"Nani kakwambia mtoto wa ukoo anarudishwa kama debe bovu? Mimi udogoni nilifyeka migomba ya mama yangu, na bado nipo. Tutapanda mwingine." Akamgeukia mama yake Mwanvita, aliyekuwa akipepeta mchele. "Dada Zuhura, mshike yule jogoo. Mtoto ale, atulie."

Jogoo! Hapo wivu ulimpanda Mwanvita kichwani.

"Hata akikosa anachinjiwa jogoo!" alipiga kelele. "Na hakukata yeye! Nimekata mimi!"

Hidaya akajifuta machozi. "Kwa hiyo," aliuliza taratibu, "sikumkata mama?"

Mwanvita alitamani ardhi immeze. Mama yake, Zuhura, aliuweka ungo chini.

"Sikia, mwanangu. Nilipokuzaa nilikuwa hoi, sina tone la maziwa. Mama yake huyu alikuwa amekuja kujifungulia hapa, ananyonyesha. Ziwa moja akamwachia Hidaya, la pili akakupa wewe. Umekunywa nusu ya chakula cha mwenzio mpaka ukaota meno. Leo unamwonea choyo kikombe cha uji?"

Mwanvita alilia kwa aibu.

"Machozi hayaoteshi kitu," alisema Mjomba. "Panda juu ya mfenesi. Vipande vya juu bado vibichi na vina vifundo. Vikate, uvipande, na maji uchote mwenyewe."

Jogoo alichinjwa vilevile. Finyango la kwanza akapewa Hidaya, na Mwanvita hakuthubutu kuinua macho.

Alipanda vipande vile chini ya mfenesi, akavitilia kivuli cha majani ya mgomba. Vingi vilikauka. Jioni moja alimkuta Hidaya amechuchumaa pale, ana ndoo ya maji na kipande kimoja mkononi.

"Nimekiangusha nikimwagilia," Hidaya alisema. "Juu ni wapi, chini ni wapi?"

"Juu ni huku. Ukikipanda kichwa chini hakioti."

"Basi nionyeshe."

Wakakipanda pamoja. Mvua za masika zilipoanza, kilitoa chipukizi, kikaanza kuushika mfenesi.

Asubuhi moja Bibi alimimina uji. Mwanvita alikipokea kikombe cha kwanza, akampa Hidaya bila kuambiwa. Bibi akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Sasa umeelewa. Mwenye jeraha ndiye anayefungwa kitambaa, wala si kwamba anapendwa kuliko wengine. Ungeumia wewe, tungekufunga wewe. Mapenzi ya nyumba hii si nyama, kwamba mwenzio akipewa, yako inapungua. Wivu ulikushikisha panga ukakata mali ya ukoo wako mwenyewe. Siku nyingine ukiona unaonewa, sema. Mdomo unao." Akamsogezea kikombe chake. "Kunywa, chungu bado kimejaa."